Aliyekufa Hawezi Kujitetea

Papa Francis alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, saa 1:35 asubuhi kwa saa za Roma. Saa mbili na ushee baadaye Kadinali Kevin Farrell aliutangazia ulimwengu. Huku kwetu haikufika adhuhuri kabla simu hazijajaa rambirambi, picha za mishumaa, sala, na pamoja nazo zile sauti za kutumiana ambazo hakuna ajuaye nani alizirekodi. Kufikia jioni palikuwa na wanaodai ameuawa, wanaodai ndiye Papa wa mwisho, wanaodai alihalalisha ndoa za jinsia moja, na wanaodai tayari ni mtakatifu wa mbinguni asiyehitaji sala ya mtu.

Mengine yalitoka kwa wasiolipenda Kanisa Katoliki. Mengine yalitoka kwa Wakatoliki wenzangu, na yaliyonisumbua zaidi yalitoka kwa watu waliompenda mno. Yote yanafanana kwa jambo moja: yanamvisha marehemu maneno na matendo yasiyo yake, wakati hana tena mdomo wa kuyakana. Mila zetu zinatukataza kumsema marehemu vibaya. Naiheshimu mila hiyo, ila naona marehemu huyu anatudai zaidi: asemwe kweli, ya kusifiwa na ya kulaumiwa.

Nianze na dai la kwamba aliuawa, au kwamba alikuwa amekufa majuma kadhaa kabla na Vatikani ikaficha. Alilazwa hospitali ya Gemelli tarehe 14 Februari akiwa na maambukizi ya njia ya hewa yaliyogeuka nimonia ya mapafu yote mawili, akatoka tarehe 23 Machi baada ya siku 38. Alikuwa na miaka 88, na tangu ujanani aliishi akiwa amekatwa sehemu ya pafu moja. Tarehe 6 Aprili alitokea uwanjani kwa Mtakatifu Petro bila kutangazwa, juu ya kiti cha magurudumu, mipira ya oksijeni puani. Alhamisi Kuu, tarehe 17, alikwenda kuwaona wafungwa wa gereza la Regina Coeli. Jumapili ya Pasaka alitoka kwenye roshani, akawatakia watu heri kwa sauti iliyokatika, akatoa baraka, ujumbe wake ukasomwa na mwingine, kisha akazungushwa uwanjani ndani ya gari lake. Maelfu walimwona kwa macho yao. Asubuhi hiyo hiyo alikutana kwa dakika chache na Makamu wa Rais wa Marekani, JD Vance, na kutokana na dakika hizo watu wakatunga hadithi nzima ya kulishwa sumu.

Hati ya kifo ilitolewa jioni ya siku ileile, ikiwa na sahihi ya Dk. Andrea Arcangeli, mkuu wa idara ya afya ya Vatikani. Ilitaja kiharusi, kupoteza fahamu, na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kabisa kufanya kazi. Ikayataja pia maradhi aliyokuwa nayo: nimonia iliyotangulia, mirija ya mapafu iliyoharibika, shinikizo la damu na kisukari. Hata njia ya kuthibitisha kifo iliandikwa, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Sijui familia ngapi kwetu hupewa karatasi iliyo wazi kiasi hicho kuhusu mzee wao.

Naelewa uvumi huu ulikotoka. Mwaka 1978 Yohane Paulo I alifariki baada ya siku 33 tu za upapa, na Vatikani ikatoa maelezo yasiyo sahihi hata juu ya nani aliyemkuta amekufa. Ilisemwa ni padre katibu wake, kumbe ni mtawa wa kike aliyekuwa akimhudumia. Uongo ule mdogo, uliosemwa pengine kwa kuona aibu, uliotesha vitabu na sinema kwa zaidi ya miaka arobaini. Karatasi ya Dk. Arcangeli inaonyesha kwamba safari hii walijifunza.

Kuna madai ya ibada ambayo hayana uzito mkubwa, lakini watu wanayauliza kwa dhati. Katika jumuiya yetu, jioni tuliyosali rozari kwa ajili yake, mama mmoja mtu mzima alimwuliza katekista kama ni kweli Papa akifa hugongwa paji la uso mara tatu kwa nyundo ya fedha huku akiitwa jina lake la ubatizo. Katekista akajibu kwamba naye amelisikia tangu akiwa kijana. Nyundo hiyo haimo katika taratibu rasmi za mazishi ya Papa. Kinachofanyika kwa nyenzo ni kwa Pete ya Mvuvi: inachanjwa alama ili isiweze tena kupiga mhuri, asije mtu akatoa barua kwa jina la marehemu. Pete ya Francis ilibatilishwa mbele ya makadinali tarehe 6 Mei, siku moja kabla ya konklave ya kumchagua mrithi wake. Majeneza matatu ya kutumbukizwa moja ndani ya jingine, la mberoshi, la risasi na la mwaloni, aliyafuta yeye mwenyewe katika utaratibu mpya aliouidhinisha mwaka 2024. Akaagiza jeneza moja la mbao lenye bati la zinki ndani, na mwili usiinuliwe juu ya jukwaa kwa ajili ya kutazamwa. Kwa hiyo waliosema amenyimwa heshima za mapapa waliomtangulia wamuulize aliyeandika agizo, na aliyeandika ni yeye.

Hapo ndipo linapoingia dai la kwamba kuzikwa nje ya Vatikani ni ushahidi wa kukataliwa na makadinali. Wosia wake una tarehe 29 Juni 2022, karibu miaka mitatu kabla ya kifo. Ndani yake aliomba azikwe katika Basilika la Bikira Maria Mkuu, Santa Maria Maggiore, ndani ya ardhi, kaburi la kawaida lisilo na mapambo, na juu yake neno moja tu: Franciscus. Basilika hilo alilipenda kuliko mengine yote. Kabla ya kila safari ya nje na kila aliporudi alikwenda pale kusali mbele ya picha ya Bikira Maria ambayo Warumi huiita mlinzi wa watu wao, na kwa jumla alifika zaidi ya mara mia. Mapapa saba walikuwa wamezikwa humo kabla yake. Leo XIII, aliyefariki mwaka 1903, naye hakubaki Vatikani: mwili wake ulihamishiwa Laterano mwaka 1924. Na gharama za kaburi Francis alizipangia mwenyewe kupitia mfadhili, akaliandika hilo kwenye wosia.

Siku ya mazishi, tarehe 26 Aprili, Vatikani ilihesabu watu wapatao 250,000 uwanjani na kwenye barabara za jirani. Marais na wafalme walikaa mbele. Lakini mwili ulipofika mlangoni pa Santa Maria Maggiore, waliosimama kwenye ngazi kuupokea walikuwa maskini, wafungwa, wahamiaji na watu wasio na makazi, kila mmoja na waridi jeupe mkononi. Mtu aliyekataliwa hapokelewi hivyo na watu aliowapenda.

Juu ya Papa wa mwisho sitakawia. Dai hili linategemea orodha ya mafumbo 112 yanayodaiwa kuandikwa na Mtakatifu Malaki wa Armagh, Mwairishi aliyefariki mwaka 1148. Orodha hiyo haikuonekana popote hadi mwaka 1595, ilipochapishwa na mtawa Mbenediktini, Arnold Wion. Mafumbo yanayowahusu mapapa wa kabla ya miaka ile yanalenga barabara, na yanayofuata yanayumba hata yanaweza kumfaa yeyote. Mwenye macho anaona yaliandikwa lini. Isitoshe, tarehe 8 Mei moshi mweupe ulitoka na Robert Francis Prevost akawa Leo XIV, dunia ikiendelea na kazi zake.

Lakini dai hilo lilikuwa na mkia, nao ulinikera. Watu wetu wenyewe, Waafrika, walikuwa wakionyana kwamba Papa mweusi akichaguliwa ndio mwisho wa dunia. Nilimsikia kijana wa kwaya akilisema kwa hofu ya kweli. Viktor I, Miltiades na Gelasius I wote walikuwa mapapa wenye asili ya Afrika ya Kaskazini, katika karne tano za kwanza za Kanisa. Miltiades ndiye aliyekuwa Papa mwaka 313, Wakristo walipopata uhuru wa kusali hadharani katika himaya ya Roma. Anayefundisha watoto wetu kwamba Mwafrika kuketi kiti cha Petro ni ishara ya shetani anawafundisha kujidharau, na anafanya hivyo kwa jina la dini.

Nije sasa kwenye dai zito kuliko yote, lililowafanya hata baadhi ya Wakatoliki wazuri waone taabu kumlilia: kwamba aliruhusu ndoa za jinsia moja.

Waraka unaotajwa ni Fiducia Supplicans, uliotolewa tarehe 18 Desemba 2023 na Dikasteria ya Mafundisho ya Imani chini ya Kadinali Víctor Manuel Fernández, kwa idhini ya Papa. Unasema ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke, na kwamba fundisho hilo halibadiliki. Unaruhusu padre kuwaombea baraka watu wawili wanaoishi katika hali isiyo ya kawaida kwa Kanisa, wakiwemo walioachana na kuoa tena pamoja na wa jinsia moja, wanapomjia na kuomba. Unakataza baraka hiyo iwe na ibada rasmi, au ifanyike sambamba na sherehe ya kiserikali, au kwa mavazi na ishara za harusi. Januari 2024 Fernández aliongeza ufafanuzi kwamba ni sala ya sekunde kumi au kumi na tano hivi. Huko si kufungisha ndoa.

Basi waliosema Papa amefungisha ndoa za jinsia moja walisema uongo. Ila sitakubaliana pia na wenzangu waliojitetea kwamba hakuna kilichobadilika. Machi 2021 ofisi hiyo hiyo, kwa idhini ya Papa huyo huyo, ilijibu kwamba Kanisa halina mamlaka ya kubariki miungano ya namna hiyo. Kati ya jibu lile na waraka huu kuna hatua, na mtu mzima anayesoma anaiona. Padre anayewaambia waumini hakuna jipya anawapa sababu ya kutomwamini siku nyingine.

Jambo ambalo karibu kila anayemlaumu Francis kwetu huliacha ni lililotokea majuma matatu baada ya Fiducia Supplicans kutoka. Tarehe 11 Januari 2024 Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska, SECAM, lilitoa tamko lenye sahihi ya Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Lilisema makanisa ya Afrika hayataona inafaa kutoa baraka hizo, kwa kuwa zingeleta mkanganyiko na kwenda kinyume na utamaduni wa jamii zetu. Ambongo hakuandika akiwa amejifungia Kinshasa. Alikwenda Roma, akaketi na Fernández, na tamko lenyewe linaeleza kwamba limetolewa kwa kuafikiana na Papa. Papa anayetuhumiwa kutulazimisha ndiye aliyekubali maaskofu wetu waseme hapana. Sikumbuki mara nyingi ambapo Roma iliisikiliza Afrika kwa haraka hivyo.

Hapo hapo niseme kilichoniuma. Mwishoni mwa mwezi huo, akihojiwa na gazeti la Italia, alieleza kwamba Waafrika ni hali ya pekee, kwamba kwao jambo hili ni baya kiutamaduni na hawalivumilii. Maaskofu wetu walikuwa wametaja Maandiko na mafundisho ya Kanisa pamoja na utamaduni, yeye akautaja utamaduni peke yake. Aliyeisoma kauli ile akaona Afrika imewekwa kwenye kabati la mila hakukosea. Kumtetea kwa uaminifu ni pamoja na kulisema hilo.

Tena yeye alisema Januari 2023, siku chache kabla ya kutua Kinshasa, kwamba kuwa shoga si kosa la jinai, na akawataka maaskofu wa nchi zenye sheria kama hizo wawe na huruma. Kuna waliochukizwa na kauli hiyo na kuna walioishangilia, na wengi wa pande zote mbili waliacha kusoma sentensi zilizofuata, alipoitaja dhambi. Alitenganisha dhambi na jinai, kama Kanisa linavyofanya kwa dhambi nyingi ambazo hakuna anayefungwa kwazo.

Dai jingine, lililonifanya nitake hasa kuandika, ni la kwamba alikuwa Mzungu wa mbali aliyewajali Waafrika kwa maneno, basi hatuna sababu ya kumlilia.

Novemba 2015 alifika Nairobi. Alisali Misa kwenye viwanja vya Chuo Kikuu, kisha tarehe 27 akaenda Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, katikati ya mabati, mifereji ya maji machafu na njia ambazo gari kubwa halipiti. Hakuwahutubia kwa jumla-jumla kuhusu umaskini. Alitaja ardhi inayohodhiwa na wachache, kodi wanazotozwa watu kwa nyumba zisizofaa kukaliwa, na wajenzi binafsi wasio na sura wanaojaribu kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule za watoto. Kila mtu Nairobi alijua maana yake. Januari ya mwaka uleule watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipigwa mabomu ya machozi walipobomoa ukuta uliozungushwa kwenye uwanja wao. Mgeni alilisema jambo hilo waziwazi mbele ya watu wa Kangemi, wakati viongozi wengi wa hapo hapo walikuwa wakilizungumza kwa kunong'ona. Kule Kasarani aliwaambia vijana kwamba rushwa ni kama sukari, tamu na rahisi kuizoea, akawataka uwanja mzima wasimame wameshikana mikono dhidi ya ukabila.

Kutoka Nairobi alikwenda Namugongo, akasali kwenye kihekalu cha mashahidi Wakatoliki na pia kile cha Waanglikana, kwa kuwa waliochomwa pale walichomwa pamoja. Kisha akatua Bangui, mji ambao washauri wa usalama hawakutaka aukanyage. Tarehe 29 Novemba alifungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ya Huruma katika kanisa kuu la Bangui, siku tisa kabla ya kuufungua ule wa Roma. Kesho yake akaingia mtaa wa PK5, ambako Waislamu walikuwa wamezingirwa na wanamgambo wasithubutu kutoka, akavua viatu, akaingia msikitini. Aliwaambia kwamba Wakristo na Waislamu ni ndugu.

Halafu ikaja Kongo. Alipangiwa kufika Goma, mapigano yakazuia. Basi watu wa mashariki, kutoka Beni na Butembo, Bunia, Goma na Bukavu, wakapelekwa kwake Kinshasa. Tarehe 1 Februari 2023, ndani ya ubalozi wa Vatikani, waliketi mbele yake mmoja baada ya mwingine wakaeleza waliyotendewa, wengine wakiinua mikono iliyokatwa, wakaweka panga na visu chini ya msalaba. Mzee mwenye goti bovu alisikiliza mpaka mwisho. Siku moja kabla, mbele ya wakuu wa serikali na mabalozi, alikuwa amewaambia walimwengu waiondolee Kongo mikono yao, waiondolee Afrika mikono yao, kwani Afrika si mgodi wa kuchimbwa. Wakati anakufa, Goma ilikuwa chini ya waasi wa M23 tangu Januari. Anayetaka kusema maneno yake hayakuzima vita atakuwa amesema kweli. Anayetaka kusema hakujali, awaulize walioingia chumba kile.

Aprili 2019 alipiga magoti kwa taabu akabusu miguu ya Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wenzao wa Sudan Kusini. Wapo wanaoliona tendo lile kama aibu kwa cheo chake. Mimi naona aibu ilibaki kwa waliobusiwa miguu wakarudi nyumbani na kuendelea kuvutana.

Katika mkumbo huo huo liliingia la Kadinali John Njue: kwamba Roma ilimzuia Mkenya asipige kura katika konklave. Makadinali wenye haki ya kupiga kura walikuwa 135, wakaingia 133. Wawili hawakufika, Njue na Mhispania Antonio Cañizares, na sababu iliyotolewa kwa wote ni afya. Njue mwenyewe alinukuliwa akisema hakupata mwaliko. Jimbo Kuu la Nairobi likaeleza kwamba mwaliko rasmi ulipita kwa balozi wa Papa. Kauli hizo mbili hazikai pamoja, na Wakenya walistahili maelezo yaliyonyooka zaidi. Hata hivyo sheria ya Kanisa ni moja: kadinali aliye chini ya miaka 80 haki yake haitoki kwenye barua, na hakuna wa kumfungia mlango. Makadinali 17 wa Afrika waliingia Sistina. Miongoni mwao Protase Rugambwa wa Tabora, Antoine Kambanda wa Kigali, ambaye ni kadinali wa kwanza wa Rwanda, Stephen Ameyu wa Juba, na Ambongo huyo huyo aliyemwambia hapana. Wote wanne walivikwa kofia nyekundu na Francis.

Upande wa Uislamu yamesemwa mawili yanayopingana. Baadhi ya Wakatoliki wanadai aliuza imani kwa kusema dini zote ni sawa, na baadhi ya Waislamu wanadai urafiki wake ulikuwa wa picha tu. Kwa la kwanza, ni kweli kwamba Septemba 2024 kule Singapore aliwaambia vijana wa dini mbalimbali kuwa dini ni njia za kumfikia Mungu, akazifananisha na lugha. Maneno hayo yaliwatatiza wengi, na naona yalihitaji kuongezewa neno. Lakini mtu yuleyule, mwezi uliofuata, alitoa barua nzima juu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, Dilexit Nos. Kwa la pili, hati ya udugu aliyoisaini na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019, inaweza kuitwa karatasi. Simu alizokuwa akiipigia parokia ya Familia Takatifu huko Gaza, karibu kila jioni tangu vita ianze Oktoba 2023, hata akiwa kitandani Gemelli, hazikuwa karatasi. El-Tayeb alimlilia kama ndugu.

Wapentekoste kadhaa walisema Wakatoliki wanamwabudu maiti. Asikilize mtu maneno ya ibada yenyewe: yanamwomba Mungu amhurumie mtumishi wake, amsamehe, ampokee. Hakuna anayemwombea msamaha yule anayemwabudu. Na Francis usiku wa kwanza, tarehe 13 Machi 2013, kabla ya kuubariki umati aliinamisha kichwa akaomba wao kwanza wamwombee. Miaka 12 aliendelea kumaliza hotuba zake kwa ombi hilo.

Ndiyo maana dai la mwisho, la wapenzi wake, nalo lazima lijibiwe: kwamba alikuwa mtakatifu asiyekosea, kwa kuwa Papa hakosei. Fundisho la mwaka 1870 juu ya kutokosea linahusu tamko rasmi la imani na maadili, na tangu hapo mfano usiobishaniwa ni mmoja, wa mwaka 1950 kuhusu kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria. Halihusu anavyoteua maaskofu, wala anavyosikiliza waathirika.

Chile ndiko alikokosea, na vibaya. Januari 2018 alimtetea Askofu Juan Barros, aliyetuhumiwa kufumbia macho unyanyasaji wa kingono wa padre Fernando Karadima. Aliwaambia wanahabari kwamba tuhuma hizo ni kashfa tupu zisizo na ushahidi, na wahanga wakayasikia. Baada ya kumtuma Askofu Mkuu Charles Scicluna kuchunguza, tarehe 8 Aprili aliwaandikia maaskofu wa Chile akikiri kwamba amefanya makosa mazito ya kupima mambo. Akawaita wahanga Roma, akawaomba radhi, na mwezi Mei maaskofu wote wa Chile walimkabidhi barua za kujiuzulu. Nampenda zaidi kwa barua ile ya tarehe 8 Aprili. Haifuti mwezi wa Januari.

Kuna pia Ajentina ya mwaka 1976, alipokuwa mkuu wa Wajesuiti wa huko. Mapadre wawili wa shirika lake, Orlando Yorio na Franz Jalics, walitekwa na wanajeshi wakashikiliwa miezi mitano. Yorio alifariki mwaka 2000 akiamini hakulindwa na mkuu wake. Jalics mwaka 2013 alitamka kwamba si kweli walikamatwa kwa sababu ya Bergoglio, yaani Francis. Wanaosema aliwauza hawana ushahidi unaosimama. Wanaosema shutuma zilitungwa na maadui wa Kanisa wanamsahau Yorio, ambaye alikuwa padre.

Kanisa limeweka miaka mitano baada ya kifo kabla ya mchakato wa kumtangaza mtu mtakatifu kuanza. Papa anaweza kuifupisha, kama Benedikto XVI alivyofanya kwa Yohane Paulo II mwaka 2005. Wapo wanaomwomba Leo XIV afanye vivyo hivyo kwa Francis. Naomba asifanye. Mchakato wa Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, ulianzia jimbo la Musoma na hadi leo mashahidi na maandishi yanapimwa, wala hakuna aliyepungukiwa kitu kwa kusubiri. Kwa Francis, kusubiri hadi Aprili 2030 kutawapa watu wa Kangemi na waliokatwa mikono Beni nafasi ya kueleza alichowafanyia, na kutawapa wahanga wa Chile nafasi ya kueleza walichokisikia Januari ile, wakiwa chini ya kiapo, mbele ya watu wenye kazi ya kuandika kila neno.